Herufi Isiyofutika: Jinsi Vifuniko vya Vitufe Vinavyofanyizwa

Wenzangu wanafunzi, na ninyi wanafunzi wa zamani mlio makazini, tazameni kibodi ya kompyuta ambayo imepigiwa Kiswahili miaka mingi. Mara nyingi mtaona ya kwamba herufi A imeanza kufutika, lakini Q na X ni kama mpya. Si ajabu, maana A ndiyo herufi itumikayo zaidi katika lugha yetu, na Q na X hatuna kazi nazo. Lakini ziko kibodi ambazo A yake haifutiki. Kwa nini?

Kwanza tujue kifuniko chenyewe. Punje za plastiki hukaushwa, huyeyushwa, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Plastiki ikipoa, kalibu hufunguka na kifuniko hutoka. Katika kibodi ambazo kila kitufe kina swichi yake, chini ya kifuniko huwa na mguu mfupi wenye tundu, mara nyingi la umbo la msalaba, la kushikia swichi. Plastiki zitumikazo sana ni mbili: ABS, ambayo hulainika kwenye digrii 105 hivi za Sentigredi, na PBT, ambayo huyeyuka kwenye digrii 223 hivi.

Sasa herufi. Njia ya kwanza ni kuipiga chapa kwa wino. Wino hukaa juu tu, na vidole huusugua hata ukaisha.

Njia ya pili ni kupasha rangi moto mpaka iwe mvuke, ikapenya ndani ya plastiki. Kwa ajili ya joto hilo, PBT hufaa kuliko ABS. Lakini sharti herufi iwe na rangi iliyokoza kuliko kifuniko.

Njia ya tatu ni ya plastiki mbili. Herufi hufanyizwa kwa plastiki ya rangi moja, na mwili wa kifuniko kwa nyingine, zikashikana ndani ya kalibu. Herufi hiyo si picha. Ni sehemu ya kifuniko. Uso ukilika, herufi ingalipo.

Taabu ni gharama. Kibodi kamili ya Kimarekani ina vitufe 104, na kila herufi yataka kalibu yake. Kwa hiyo watu watakao rangi za peke yao hushirikiana: mmoja huchora na kuchagua rangi, wengine hulipa mbele, na kiwanda, kama vile GMK cha Ujerumani, huanza kazi idadi ya kutosha ikitimia. Hapo hungoja miezi mingi.

Basi, ukitumwa kununua kibodi ya shule au ya ofisi, usiulize bei tu. Uliza herufi imekaa wapi: juu ya plastiki, au ndani yake? Rahisi ni ghali, na mwanafunzi anayeanza kupiga taipu hawezi kujifunza kwa vitufe visivyosomeka.