Kidude cha Wafo Usikiuze

Haya wadogo zangu, sogezeni vigoda. Leo najibu barua ya bibi harusi wetu mmoja. Kwenye kicheni pati yake alizawadiwa vidude viwili vya kupikia wafo, vile vidogo vya duara, upana wake kama kisahani cha chai. Kimoja amempa wifi yake. Cha pili kiko juu ya kabati, huu mwezi wa nne. Alikijaribu mara moja, wafo ikachanika vipande viwili, mume akacheka, yeye akanuna, kidude kikarudi kwenye boksi. "Dada, nikiuze?"

Usikiuze. Kishushe, nikuonyeshe ulipokosea, maana na mimi nilianguka hapo hapo.

Ulifungua mapema, mdogo wangu. Rojo lina maji, na yale maji lazima yatoke kwa mvuke ndipo wafo ikauke na kushika umbo. Ukishafunika utauona mvuke unachungulia pembeni, mwanzo kwa fujo, halafu unanyong'onyea. Hiyo ndiyo saa yako. Kale kataa ka kwenye kidude kasikuhadae. Mara nyingi kanakuambia chuma kimepata moto, hakajui kama chakula kimeiva. Mvuke ukikatika, dakika tatu au nne hivi, inua kifuniko taratibu. Kikigoma, kiache, hesabu mpaka sitini, ujaribu tena. Ukikivuta kwa nguvu, nusu itabaki juu na nusu chini, na shemeji yetu atacheka tena.

Rojo lenyewe si la ajabu. Unga wa ngano kikombe kimoja, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kidogo, yai moja, maziwa robo tatu ya kikombe, mafuta vijiko vitatu vya mezani. Koroga kidogo tu. Mabonge madogo yasikusumbue, ukikoroga sana wafo inakuwa ngumu kama soli. Mafuta usiyabanie, ndiyo yanayoipa ukoko na kuifanya iachie chuma. Sukari ndiyo ya kubania, kijiko kimoja kinatosha, kwa kuwa ikizidi inaungua na kuganda kwenye vishimo. Utamu ongeza mezani: asali, hasa ukipata ile ya Tabora, au ndizi mbivu iliyokatwakatwa. Pakaa chuma mafuta, weka vijiko vitatu vya rojo katikati, funika. Ukitia cha nne, utafuta meza.

Sasa niwaambie siri yangu. Jumamosi moja nilikuwa na rojo la vitumbua kwenye bakuli, na kikaango cha vitumbua kiko kwa jirani, jirani kasafiri. Mchele nilikuwa nimeuloweka usiku, asubuhi nikausaga na tui zito, iliki na hamira, umeumuka hadi unatoa mapovu. Niutupe? Nikapunja sukari, nikaongeza yai moja na kijiko cha mafuta, nikajaribu kwenye kidude. Kwanza jiko zima likanukia iliki na nazi. Halafu ile ngozi! Unga wa mchele unakauka juu ukalia kru kru mdomoni, ndani kunabaki laini na kunanata kidogo, kama kitumbua kilichotoka motoni sasa hivi. Tangu siku hiyo sijatia vanila kwenye wafo. Kidude hiki si cha Kizungu wala cha Kiswahili, ni kikaango chenye vifuniko viwili, kinapika unachokipa.

Kwa wasiopenda sukari asubuhi, rojo la chapati za maji linakaa vizuri mno. Tia kitunguu, karoti ya kukwaruza, kotmiri na pilipili mbuzi kwa anayethubutu. Kitunguu na karoti vikamue kwanza, maji yake ndiyo yanayoilegeza wafo. Au chukua viazi vilivyobaki jana, viponde, tia yai na kijiko cha unga, bana. Utapata kitu kinachokwenda na mbaazi za nazi bila aibu.

Kosa la pili la wengi wenu nalijua: hotipoti. Wafo zikitoka tu mnazipanga humo na kufunika. Mvuke unazirudia, ukoko unakufa, zinakuwa kama mkate ulionyeshewa. Zitandaze kwenye ungo au wavu zipumue. Ukitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, pika jioni, zikipoa zitie friza, asubuhi zirudishe kwenye kidude kwa dakika mbili.

Kusafisha: chomoa umeme, kiache kipoe, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Usikizamishe kwenye beseni. Uma na kisu visiguse chuma, tumia kijiti cha mbao.

Na nyie mnaoletewa zawadi na ndugu walioko Marekani, geuzeni kidude msome chini. Kama kimeandikwa volti 120 peke yake, msikichomeke. Umeme wetu ni 230. Kile kiplagi cha kubadilishia miguu hakibadilishi volti. Cha kwangu cha kwanza kilidumu dakika moja, kikatoa harufu ya plastiki, tukaagana.

Luku isiwatishe. Vingi vya ukubwa huu vinatumia wati 350, hivyo hata kikiwaka saa nzima hakimalizi nusu ya uniti. Kinachokula ni muda wako. Watu sita, wafo mbili mbili, dakika nne kila moja: umesimama jikoni dakika arobaini na nane, wa kwanza keshamaliza chai na wa mwisho ananung'unika. Nyumba yenye vinywa vingi ipikie chapati za maji kwenye kikaango kikubwa, iishe. Kidude hiki ni cha watu wawili watatu, na wewe bibi harusi mko wawili.

Basi kishushe kabatini. Leo usiku loweka mchele vikombe viwili, na kesho mvuke ukikatika ndipo umwite mumeo mezani.