Gogogo Wawili kwa Jina Moja



Katika Sura al-Baqara, aya ya 31, tunaelezwa kuwa Mwenyezi Mungu alimfundisha Adam (a.s.) majina yote. Wengi wetu huipita aya hii mbio ili tufike kwenye kisa cha Ibilisi. Leo tusimame kwenye majina, na mfano wetu ni samaki wa ziwa letu: gogogo.

Pale Kabonga, anayesubiri ndagala na mukeke hamjali sana gogogo. Miiba yake inachoma. Lakini yuko mmoja wa Tanganyika, mwenye madoa meusi, ambaye Boulenger wa makumbusho ya London alimwandika mwaka 1898 kwa jina Synodontis multipunctatus, yaani mwenye nukta nyingi. Siri yake ilitolewa mwaka 1986 na Mjapani Tetsu Sato. Kuna samaki ambao mama huatamia mayai kinywani. Anapotaga, gogogo hujipenyeza, hula baadhi ya mayai na kuacha yake. Mama huyaokota yote. Ya gogogo huanguliwa mapema, na vitoto vyake hula watoto wa mwenye nyumba mle mle kinywani! Kekeo hufanya jambo la namna hiyo kwenye viota vya ndege wengine, na wapo hata nyigu wa tabia hiyo. (Atakayeuliza kama hii ni dhuluma, akumbuke kuwa samaki hana taklifu.)

Mwaka 2006 Wright na Page waliwapitia upya gogogo wa Tanganyika, wakawapima na kuwalinganisha, wakatangaza aina tatu mpya. Mmoja, Synodontis grandiops, anafanana mno na yule wa 1898. Jina lake linaashiria macho makubwa. Mwingine, lucipinnis, alikuwa tayari akiuzwa kwa wafuga samaki wa ng'ambo kwa jina la petricola, ambaye ni samaki mwingine. Basi "mpya" hapa si aliyezaliwa jana. Ni aliyekuwa amefichwa na jina la mwenzake.

Mwanafunzi wa hadithi anaijua shida hii. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, aliandika kitabu kizima, al-Muttafiq wal-Muftariq, juu ya wapokezi wanaoshirikiana jina na hali ni watu mbalimbali. Ibn al-Salah anawataja sita walioitwa al-Khalil bin Ahmad, wa kwanza wao yule mwanasarufi wa Basra. Katika kitabu kingine, Muwaddih, al-Khatib alifuatilia makosa ya pande zote mbili: kuwafanya wawili mmoja, na kumfanya mmoja wawili. Hakuwaacha hata wakubwa kama al-Bukhari. Ukimchanganya mpokezi dhaifu na mwaminifu, hukumu nzima inayumba.

Ziwani pia. Ukiwahesabu samaki wawili kama mmoja, mmoja anaweza kutoweka na hesabu yako isionyeshe kitu. Ndiyo maana anayetoa jina jipya hulazimika kuweka samaki mmoja halisi katika makumbusho, ili mwenye shaka arudi kwake, kama tunavyoirudia nakala ya asili.

Mnaokwenda likizo Rumonge, Nyanza-Lac au Kabonga, waulizeni wazee wa mwaloni wanatofautisha gogogo wangapi, na kwa alama gani. Andikeni jina, mahali, kina cha maji na tarehe.