KAMBA WADOGO NA WENYEJI WAO

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kula kamba, na waliozaliwa Bagamoyo wanawajua wale wanaovuliwa karibu na mlango wa mto Ruvu. Kamba nitakaowaeleza hapa hawauzwi sokoni. Urefu wao ni kama pingili moja ya kidole, nao huishi juu ya mwili wa kiumbe mwingine, au ndani yake.

Kwetu ni Mlingotini. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, vikabaki vidimbwi na majani ya bahari, na humo hulala jongoo-bahari. Ukimtazama jongoo bila ya kumgusa, kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, huenda ukaona kitu kinatembea mgongoni mwake. Mara nyingi kimefanana naye rangi hata jicho hulipita. Huyo ni kamba. Mtaalamu A. J. Bruce alimpa jina mwaka 1967, akamwita kwa Kilatini mfalme mkuu. Baadaye ikaonekana kwamba ni yule yule aliyeitwa mfalme na Kemp mwaka 1922. Akiishi juu ya konokono mwekundu asiye na gamba, aogeleaye kama kitambaa kinachopepea, naye huwa mwekundu. Chakula chake ni ute, takataka zilizoganda juu ya ngozi ya mwenyeji, na hata choo chake. Jongoo atembeapo, kamba husafiri bure, akishuka kudonoa mchangani na kupanda tena.

Katika somo la Bayolojia tulifundishwa kwamba viumbe huishi pamoja kwa namna tatu: wote wawili wafaidike, au mmoja afaidike na mwingine asidhurike, au mmoja amnyonye mwenzake. Ni rahisi kuyaandika hayo ubaoni. Baharini ni vigumu. Chukua chaza yule mrefu mwenye umbo la kabari, ajichomekaye wima mchangani na kukata nyayo za watu. Ndani yake mara nyingi hukaa kamba wawili, dume na jike, na jike ndiye mkubwa. Aristotle, mwanazuoni wa Uyunani wa zamani, aliandika kwamba kamba au kaa mdogo akaaye ndani ya chaza wa namna hii ni mlinzi, na kwamba chaza akimkosa hufa upesi. Hata leo jina la Kilatini la kamba mmoja wa aina hiyo, alilopewa na Forskål mwaka 1775, maana yake ni mlinzi. Lakini mlinzi huyu hana silaha ya maana, na hula katika chakula alichokichuja chaza mwenyewe. Mimi ningemwita mpangaji asiyelipa kodi.

Naye mpangaji hupangiwa! Ukimwona kamba amevimba shavu upande mmoja, kama mtu mwenye jino bovu, ujue chini ya gamba lake kuna mdudu amnyonyaye damu.

Sasa nije kwenye jambo linalonishughulisha. Jongoo-bahari huchemshwa, hukaushwa na kuuzwa Uchina kwa bei kubwa. Mjomba wangu asema kwamba alipokuwa kijana aliwaokota kwa mkono akiwa amesimama majini mpaka magotini. Siku hizi vijana huwazamia kwenye kina kirefu. Mnunuzi huhesabu majongoo. Kamba huanguka majini jongoo anapoinuliwa, wala hakuna amhesabuye. Akiwa peke yake juu ya mchanga mweupe hana rangi ya kumficha, na samaki humwona mara moja.

Kwa hiyo likizo ijayo, wakati wa bamvua, nitatazama majongoo 50 huko kwetu na kuandika ni wangapi wenye kamba. Namwomba kila mwenzangu atokaye Saadani, Pangani au Tanga afanye vivyo hivyo, ili tulinganishe muhula ujao. Msiwatoe majini. Tena jihadharini, maana jongoo wengine wakichokozwa hutoa nyuzi nyeupe zenye kunata, nazo zikishika vidole hazitoki kwa sabuni.