Moyo wa Kijana Unapopoteza Mpangilio: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Busia na Tororo

Swali: Tumezoea kusikia kwamba mapigo ya moyo kuvurugika ni maradhi ya wazee. Mtu wa miaka 30 anayapataje?

Jibu: Usemi huo ni wa kweli Ulaya na Marekani, na ndiko orodha nyingi za visababishi tunazosoma zilikoandikwa: umri, presha, unene, kisukari. Kwetu mpakani mwa Kenya na Uganda orodha hiyo inaanzia pasipostahili. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa 146 wenye fibrileshoni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo badala ya kubana kwa pamoja, waliohudumiwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Waligawanyika makundi mawili yasiyofanana hata kidogo. Wale ambao vali zao zilikuwa nzima walikuwa na wastani wa miaka 69 hivi. Wale wenye vali zilizoharibika, ambao walikuwa zaidi ya nusu, walikuwa na wastani wa miaka 38, na wengi wao wanawake. Kwa hiyo daktari wa Busia au Tororo akikutana na kijana mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, swali lake la kwanza liwe juu ya vali. Mambo ya uzito na mtindo wa maisha yafuate baadaye.

Swali: Vali ya kijana inaharibiwa na nini?

Jibu: Mara nyingi ni koo la utotoni. Bakteria aitwaye streptokokasi humshika mtoto wa kati ya miaka 5 na 15: koo linauma ghafla, homa inapanda, tezi za shingo zinavimba, lakini hakohoi wala hatoki kamasi. Asipotibiwa, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili hugeukia viungo na moyo wao wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikirudi mara kwa mara, vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto hupata makovu na kukakamaa kama mlango uliokwama, usiofunguka wote. Damu inarundikana nyuma yake, chumba cha juu kinatanuka mwaka hadi mwaka, kuta zake zinaingia makovu, na umeme unaoongoza mapigo unapoteza njia. Damu iliyotuama humo huganda, na bonge likichomoka na kupanda kwenye ubongo, mama wa watoto wadogo anapata kiharusi. Utafiti wa REMEDY, uliohusisha wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika nchi 14, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta nusu yao hawajapita miaka 28, na zaidi ya mmoja kati ya watano tayari ana mapigo yaliyovurugika.

Swali: Hao ni wagonjwa wa hospitali kubwa. Je, huoni unakuza jambo na kusahau pombe na presha?

Jibu: Pingamizi hili lina uzito. Hospitali ya rufaa hupokea waliozidiwa, kwa hiyo takwimu za Eldoret haziwezi kutuambia ni vijana wangapi vijijini wana tatizo hili. Presha nayo si hadithi: uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wanayo. Pombe kali inayonywewa kwa wingi usiku mmoja, iwe chang'aa au waragi, huweza kuvuruga mapigo hata ya moyo mzima, na utafiti wa Australia wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa walioacha kunywa walikaa muda mrefu zaidi bila mapigo kuvurugika tena. Rovu linalozalisha homoni kupita kiasi nalo lipimwe. Hata hivyo, kukosea hapa hakulingani. Ukidhani ni vali kumbe ni pombe, umepoteza gharama ya kipimo kimoja cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Ukidhani ni pombe kumbe ni vali, mgonjwa anarudi nyumbani na nasaha, huku bonge la damu likijijenga. Tena ile hesabu ya alama ambayo madaktari hutumia kukadiria hatari ya kiharusi humpa kijana alama chache sana. Haikutungwa kwa mtu ambaye vali yake imebana, na mtu huyo anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda hata alama zake zikiwa sifuri.

Swali: Kuna dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara. Kwa nini tupewe warfarin ya zamani?

Jibu: Swali hili lina haki yake, maana kipimo cha damu kiitwacho INR humtoa mtu kijijini, kikamlipisha nauli na kumpotezea siku ya kazi. Lakini jaribio la INVICTUS lililochapishwa mwaka 2022, likiwa na wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa rumatiki, lilionyesha kwamba waliotumia warfarin na dawa za jamii yake walikufa kwa uchache kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya hizo dawa mpya. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kusogeza kipimo karibu na watu. Katika REMEDY, wagonjwa ambao INR yao ilikuwa katika kiwango kinachofaa hawakufika theluthi moja. Mgonjwa wa mpakani ana mtego wa ziada: akinunua Septrin au Flagyl dukani, upande wowote wa mpaka, damu yake huweza kuwa nyepesi kupita kiasi, ilhali dawa ya kifua kikuu, rifampisini, hufanya kinyume. Sukuma wiki na kunde asiziache, ila ale kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki.

Swali: Mtu wa kawaida aanzie wapi?

Jibu: Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Mapigo ya kasi yanayofuatana sawasawa ni jambo moja. Mapigo ambayo kila nafasi haifanani na iliyotangulia, mengine yakipotea kabisa, yanadai ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kwa kijana yanadai eko pia. Kwa watoto kuna ushahidi wa kutia moyo kutoka Uganda yenyewe. Katika jaribio la GOAL, watoto ambao eko ilionyesha dalili za mwanzo za moyo wa rumatiki walidungwa penisilini kila wiki 4. Baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 3 kati ya 399, dhidi ya 33 kati ya 400 wenye dalili kama hizo ambao hawakudungwa. Na mwanamke anayemeza warfarin aonane na daktari kabla hajashika mimba, kwa kuwa dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto katika miezi ya kwanza; akigundua tayari ana mimba, aende kliniki siku hiyo hiyo bila kukatiza dawa mwenyewe.