Njia ya Visa: Kutoka Vyuo vya Biashara hadi Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa, "Faida ni nini?" hujibu upesi na bila kukosea. Lakini mwanafunzi huyo huyo akikabidhiwa biashara ndogo hushindwa kueleza kwa nini fedha zimemwishia. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi vyuo vikuu vinavyopambana na tatizo hilo, na namna mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuitumia njia yao.

Chimbuko la njia hii

Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilianzishwa mwaka 1908. Wallace Donham, aliyekuwa mkuu wake tangu mwaka 1919, alikuwa amesomea sheria chuoni hapo, ambako Christopher Langdell alianza kufundisha kwa kesi za mahakamani mwaka 1870. Donham alieneza njia hiyo katika masomo ya biashara. Mwanafunzi husoma kisa cha biashara yenye tatizo, kisha hutoa uamuzi wake na kuutetea mbele ya wenzake.

Baadaye ilionekana kwamba kuzungumza peke yake hakutoshi. Mwaka 2011 shule hiyo iliongeza kozi ya lazima ya kujifunza kwa vitendo nje ya darasa. Aidha, tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kupata jibu lililoandikwa vizuri kutoka katika mashine. Kwa hiyo mwalimu hana budi kupima zaidi sababu za jibu kuliko jibu lenyewe.

Jambo hili si geni kwetu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi na hali ya kujiamini.

Mfano wa somo: faida na hasara

Mwalimu asome kisa hiki mara mbili:

Bi. Asha ana mtaji wa shilingi 50,000. Kila siku hutumia shilingi 12,000 kupika maandazi 100, na huuza kila andazi kwa shilingi 200. Siku ya mvua huuza maandazi 60 tu. Shule moja imemwomba ailetee maandazi yote 100 kila siku kwa shilingi 150 kila moja, kwa siku 20, naye atalipwa mwisho wa mwezi. Je, akubali?

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Kila mwanafunzi afanye hesabu peke yake. Siku njema faida ni shilingi 8,000. Siku ya mvua hapati faida wala hasara. Kwa shule, faida ni shilingi 3,000 kila siku, yaani shilingi 60,000 kwa siku zote 20.

2. Wanafunzi wajadiliane katika vikundi vya watu watano, kisha kila kikundi kitoe uamuzi na sababu zake.

3. Mwalimu aulize: "Siku ya tano atanunua unga kwa fedha gani?" Hapo watagundua kwamba mtaji wa Bi. Asha unatosha siku nne tu. Biashara yaweza kuwa na faida na bado ikafa kwa kukosa fedha taslimu.

4. Vikundi virekebishe uamuzi wao. Wengine watasema aombe kulipwa kila baada ya siku nne. Wengine, apeleke nusu tu ya maandazi. Mwalimu asitangaze mshindi, bali asahihishe hesabu na kudai sababu.

Tahadhari

Kisa kiwe kifupi, kitokane na mazingira ya watoto, na kisimwaibishe mzazi yeyote. Katika darasa kubwa, kila kikundi kiteue msemaji mpya kila mara, ili wale wale wasitawale mazungumzo.

Hitimisho

Chuo kikuu humpokea kijana aliyekwisha kuzoea ama kukariri ama kufikiri. Mazoea hayo huanzia mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi.

Zoezi

Tunga kisa kimoja kutokana na kazi inayofanyika karibu na chuo chako. Andika pia swali moja litakalowafanya wanafunzi waufikirie upya uamuzi wao wa kwanza.