Nguo ya Usaili kwa Anayetoka Kasulu na Kibondo

Jina likishaonekana kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, vijana wengi wa Kasulu na Kibondo huanza kusaka suti. Wataulizia kwa shemeji, kwa kaka aliyeoa mwaka jana, kwa mwalimu jirani. Ningetamani waanze na swali jingine: nitafikaje huko, na nitakuwa na hali gani nikifika? Nguo ya mtu anayeishi karibu na ukumbi wa usaili hutoka kabatini ikaingia kwenye gari. Ya kijana wa kijijini Makere, Kasulu, hupanda bodaboda alfajiri, ikahamia kwenye Hiace iliyojaa, na ikifika mbele ya jopo inaonyesha kila kilichoipata njiani.

Udongo wa kwetu ni mwekundu, na kola nyeupe haiuvumilii. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, vumbi hukaa shingoni na kwenye mikunjo ya viwiko. Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi kuelekea Mei, tope hupanda hadi kwenye pindo la suruali. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza haihusu rangi wala mshono: safiri na nguo za safari, nguo za usaili zibaki kwenye begi mpaka umefika. Kunja shati juu ya gazeti au karatasi ngumu ili lisivunjike katikati. Viatu vifunge peke yake kwenye mfuko mbadala, halafu mfuko huo uutie ndani ya kiroba, kwa sababu mfuko mbadala hupitisha maji, na ile mifuko ya plastiki tuliyoizoea ilipigwa marufuku Juni 2019. Safari yenyewe vaa kandambili au raba. Pa kubadilishia hapakosekani: kwa ndugu, gesti, hata kwenye vyoo vya kanisa au msikiti ukiomba kwa adabu.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya pesa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa wazi kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Hutaka pia kitambulisho kinachotambulika na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha taaluma; hati za matokeo peke yake hazikubaliwi. Ukimaliza nauli yako kwenye koti, hutalivaa popote. Toa kwanza nauli ya kwenda na kurudi, toa malazi, toa chakula. Kinachobaki ndicho cha nguo, na mara nyingi kinatosha, ukijua pa kukipeleka.

Kipeleke sokoni kwenye mitumba, kisha kwa fundi cherehani. Shati la mtumba la kitambaa kizuri lililopunguzwa na fundi hukaa mwilini vizuri kuliko jipya la dukani lililokatwa kwa ajili ya mtu yeyote tu. Ila ujue kulichagua. Usidanganyike na kifua, kifua hakichakai. Geuza kola utazame upande wake wa ndani, palipogusa shingo ya mwenyewe wa kwanza. Pakiwa pamelika au pana mstari wa manjano, liache, maana hakuna sabuni itakayoutoa. Tazama makwapa, tena juani, si chini ya turubai la muuzaji ambako kila kitu huonekana kipya. Liinue dhidi ya mwanga: ukiona vidole vyako kwa upande wa pili, siku ya usaili jopo nalo litaona fulana yako ya ndani. Hesabu vifungo, ukague na vya mikononi. Kimoja kikikosekana fundi atakupatia, lakini mpelekee shati lenyewe, usimweleze kwa maneno.

Kwa fundi, vaa viatu utakavyovaa siku hiyo, kwa sababu urefu wa suruali hupimwa pamoja na kiatu. Pindo liguse kiatu bila kulala juu yake. Mwambie apunguze shati ubavuni na aache nafasi mgongoni. Kisha, hapo hapo kwake, keti. Keti kabisa, inama kana kwamba unasaini fomu, nyoosha mkono kana kwamba unapokea kalamu. Msailiwa huingia akiwa amesimama kwa muda mfupi tu, na kipindi kingine chote amekaa. Suruali inayobana mapajani, sketi inayopanda, kifungo cha tumboni kinachovutika, vyote hujitokeza ukikaa. Na ufanye hivi siku kadhaa kabla, si jioni ya kuamkia usaili, maana fundi mzuri ana foleni na umeme una mambo yake.

Suti ya kuazima haina ubaya wowote, mradi mabega ni yako. Bega la koti likizidi, hakuna fundi atakayeliponya kwa usiku mmoja. Heri uliache na uvae shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa. Suti ya harusi inayometameta nayo iache, imeshonwa kwa ajili ya taa za ukumbini. Ukipata suti mpya, fumua ile lebo iliyoshonwa juu ya mkono wa koti pamoja na nyuzi zinazofunga mpasuo wa nyuma. Ni vya duka hivyo, na bado naona watu wanatembea navyo wakidhani ni pambo.

Dada zangu huniuliza sana kuhusu suruali na vitenge. Kitenge kinafaa, na mkoani kwetu Kigoma hatuna shida ya vitenge. Chagua chenye maua madogo au rangi zilizotulia, na mshono usio na mabawa begani wala mkia, gauni lipite magoti hata ukiwa umekaa. Kuhusu suruali, kumbuka kilichotokea bungeni Dodoma mwanzoni mwa Juni 2021. Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini na Spika Job Ndugai baada ya mbunge mwenzake kulalamikia mavazi yake, na malalamiko yenyewe yalihusu suruali kubana. Watu wengi walimtetea, na mimi naona walikuwa na hoja. Lakini wewe huendi kushinda mjadala huo mbele ya jopo, unakwenda kupata kazi. Suruali iliyolegea, yenye blauzi ndefu au koti, haimpi mtu sababu ya kuacha kusikiliza majibu yako. Serikali nayo ilitoa waraka wa mavazi kwa watumishi wa umma mwaka 2007, unaokataza nguo za kubana, fupi au zinazoonyesha maungo. Anayeomba kazi ya umma na aanze kuufuata kabla hajaajiriwa.

Anayevaa ushungi achague wa rangi moja, wa kitambaa kisichoteleza, aubane kwa pini nyumbani na atikise kichwa. Ukiteleza, ataushika mara kumi mbele ya wasaili na watadhani ana wasiwasi. Na kwa usafiri wa bodaboda, funga kanga juu ya sketi tangu mlangoni. Inazuia vumbi, inakusitiri ukipanda, na ukifika unaikunja na kuitia begini.

Kazi za mashirika ya misaada zina desturi yake. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilianzishwa Kasulu mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipoongezeka, hivyo vijana wengi wa hapa wamepitia usaili wa mashirika kabla ya ule wa serikali. Nafasi sasa zimepungua na wanaoitwa kwa nafasi moja ni wengi. Wanaokuhoji pale mara nyingi wamevaa shati na buti zenye vumbi la kambini. Suti kamili na tai haitakuangusha, ila kwa kazi ya uwandani naona shati safi, suruali ya kitambaa na kiatu imara cha kufunika vidole vinasema zaidi, kwamba unajua unakokwenda kufanyia kazi. Dereva atakayepewa gari la majaribio asivae moka yenye soli inayoteleza kwenye pedali. Mwalimu anayekwenda shule binafsi huenda akapewa chaki na darasa hapo hapo, basi aepuke koti jeusi linaloshika unga wa chaki, na mikono ya shati iwe ya kukunjika.

Kwa wanaume wa makamo, wanaorudi kwenye ajira au wanaoomba uhasibu na utendaji wa kata, suti ya Kaunda iliyoshonwa vizuri bado ni vazi la heshima. Bunge la Kenya liliikataa Novemba 2023; huku kwetu hakuna aliyeikataa, na fundi wa Kasulu anaijua vizuri kuliko suti ya kola ndefu.

Pasi ya mkaa inahitaji uangalifu wake. Pakia makaa yaliyokwisha kuwaka, itikise nje majivu yatoke, ipitishe kwanza juu ya kitambaa kichakavu chenye unyevu mpaka isiache alama. Suruali ya kitambaa cheusi iwekee kanga nyevu juu kabla ya kuipiga pasi, la sivyo itang'aa magotini na haitarudi. Viatu vipakwe kiwi usiku na vipigwe brashi asubuhi. Ukipaka asubuhi vumbi lote la njiani litaganda juu yake. Weka kitambaa kidogo mfukoni kwa ajili ya kuvifuta ukiwa mlangoni.

Asubuhi za Juni na Julai huku juu ni baridi kweli, na mtu anayetetemeka huongea haraka. Vaa fulana nyeupe ya ndani na sweta la kuvua nje ya ukumbi. Manukato yawe kidogo, chumba cha usaili huwa kidogo pia.

Usaili wa serikali mara nyingi huanza na mchujo wa maandishi, na watakaofaulu huitwa kwenye mahojiano siku nyingine. Usihangaike kutafuta nguo ya pili. Ukitoka kwenye mchujo, fua shati jioni hiyo hiyo, lianike ndani pasipo na vumbi, na ulivae tena.