Somo kwa Makatibu: Mwanachama Mzee Asiyefika Mkutanoni



Katika kukagua vyama vya msingi, aghalabu hukuta daftari la mahudhurio likirudia neno "hayupo" mbele ya majina yaleyale. Mengi ni ya wanachama waanzilishi. Hawakujiuzulu wala hawakuhama; wamezeeka.

Tutazame kisiwa cha Songo Mnara, wilayani Kilwa. Magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, na wageni huyafuata kutoka mbali. Lakini mzee wa kisiwani mwenye haja Kilwa Masoko hana budi angoje maji, apate chombo, tena apate kijana wa kumshika mkono wakati wa kupanda.

Zamani, fedha za mazao zilipotolewa mkononi, mzani na meza ya malipo viliwakutanisha wazee. Hapo mtu alisikia nani kafiwa na nani kaoza. Siku hizi malipo ya korosho na ufuta hupitia benki. Utaratibu huo umepunguza hatari ya kubeba fedha njiani, nami siombi uachwe. Ila umemwondolea mzee safari iliyokuwa na maana kwake.

Upweke hudhuru mwili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi Juni 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa nao, na kwamba vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao. Na mtu aweza kuwa mpweke katika nyumba iliyojaa wajukuu, ikiwa hakuna amwombaye shauri.

Mwaka 1995 ushirika wa kimataifa uliongeza msingi wa saba, wa kuijali jamii. Wengi wetu huudhani kuwa ni michango ya madawati tu.

Katibu na aanze na daftari la wanachama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60. Mwanachama wa umri huo akikosa mikutano miwili mfululizo, mjumbe wa kamati amwendee nyumbani akiwa na ajenda, si sukari peke yake. Aulize rai yake, nayo iandikwe katika muhtasari. Vyama vya visiwani vipange saa ya mkutano kwa kufuata maji. Na badala ya "hayupo", iandikwe sababu: mgonjwa, hakupata chombo, au hakuarifiwa. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoikuta mara nyingi zaidi.